Goti Rasmi la Kupimia Mahindi

Wewe uliyegeuza uso siku mahindi ya kando ya barabara yalipofyekwa, ukainama kujifanya unafunga kamba za viatu, sogea hapa. Nakukumbuka. Ulikuwa umevaa ndala.

Taifa lina habari njema. Baada ya vikao vingi na brosheti za nyama nyingi zaidi, Tume ya Kuratibu Urefu wa Mazao Wakati wa Vita imetangaza kwamba mahindi hurefuka kwa kukosa taarifa za usalama tu. Zao refu huficha waasi. Kwa hiyo zao lolote litakalopita goti litafyekwa, na yeyote atakayekutwa ndani yake ni adui, hakuna maswali.

Mkuu wa Tume, Direkteri Sylvère, alikuja mwenyewe mtaani kwetu Mutakura kutuelimisha, kwenye shamba la Zubeda, mjane anayelisha watoto wake kwa mahindi hayo hayo.

"Ndani ya kila mmea kuna jeni," alisema, "maagizo madogo ambayo mmea huzaliwa nayo. Mengine yanalala mpaka shida ifike. Jua likikaza yanaamka: jani linafunga vitundu vyake, maji hayatoki ovyo, mmea unaacha kurefuka. Basi Serikali, kwa ukarimu wake, itayapa mahindi shida."

"Shida iko mingi hapa, shefu," Zubeda akasema. "Kama inawapunguka, mi nitawapa."

Akakatazwa kumwagilia. Kila jioni, kwa amri ya direkteri, askari wakapiga risasi hewani ili mahindi yaelewe hali. Majani yakajikunja. Lakini mashina, kwa ukaidi wa kisiasa, yakasimama kiunoni, yakaanza kutoa ndevu.

"Yamepita goti," direkteri akasema.

"Goti ya nani?" Zubeda akauliza. "Ya Kaporali Chabani ao ya kwako?"

Swali zito. Chabani, mkubwa wa askari hao, ana miguu ya korongo. Direkteri ni mfupi hata akisimama bado unamwambia karibu usimame. Tume ikaketi. Ikaamua kwamba goti rasmi ni la direkteri, na pasipo goti hilo hakuna kipimo halali. Goti likaletwa, mahindi yakahukumiwa: kesho yafyekwe.

"Rufaa iko wapi?"

"Biro imefungwa, mama. Njoo nyumbani kwangu," direkteri akasema.

Basi Zubeda akaenda Mutanga Nord, mtaa wa wakubwa. Chabani akamfuata na panga mkononi na bunduki begani, kungoja direkteri atie sahihi amri ya kufyeka. Sisi wengine tukafuata kama tumealikwa harusi.

Uani kwa direkteri mahindi yalikuwa yamefika paa. Mpira wa maji ulikuwa ukiyabembeleza.

"Na hii, shefu?"

"Hii ni ya utafiti! Lazima kuwe na mahindi yasiyopata shida, ili tujue yale mengine yanakosa nini."

"Aa! Basi watoto wangu nao uwatie upande wa utafiti."

Hapo jioni ikaingia, na kule Mutakura askari wakaanza kuyafundisha mahindi. Pa! Pa! Direkteri hakungoja kikao. Akatumbukia ndani ya mahindi yake.

Chabani, mtu wa nidhamu, akainua bunduki. "We uko mu mahindi! Toka, mikono juu!"

"Mi ni direkteri!"

"Bote banasemaka ivyo. Mutu wa mu mahindi ni adui. Leta goti."

Goti rasmi likatoka, likawekwa kando ya shina. Mahindi yalikuwa yamelipita. Yakafyekwa papo hapo, na mwenye goti akafungiwa kasho, selo ya askari, bila maji, jeni zake ziamke.

Hakuna aliyecheka. Nasema uongo: tulicheka mpaka Zubeda akakaa chini, kanga mdomoni.

Sasa sikiliza. Goti liko ndani, na pasipo goti hakuna kipimo, wala usiku huu hakuna wa kutia sahihi au kukataza maji. Kesho asubuhi Tume inateua goti jingine. Na ndevu za mahindi ya Zubeda zinakauka. Zikikauka kabla punje hazijashika, watoto wake watatafuna magunzi. Usiniambie una kamba za kufunga. Chukua ndoo, jaza maji, twende Mutakura. Si kesho. Sasa hivi.