Gambuti Zenye Mimba

Jumatatu, 8 Septemba
Mzigo umefika! Nimeacha chai mezani. Jozi mia tatu za gambuti, viatu virefu vya mpira, kutoka Guangzhou, zimesafiri katika nafasi ya jozi mia moja. Akili ni mali! Wenye meli hutoza nafasi, basi nilimwambia muuzaji atie saizi ndogo ndani ya saizi ya kati, na ya kati ndani ya kubwa. Bima nilikataa. Ya nini kulipia msiba ambao haujatokea? Meli nayo nilichagua ya bei poa, ile inayopita kila bandari kama mama mkwe anayesalimia mtaa mzima.

Shemeji Kiiza, kaka wa mke wangu, mwenye duka linalotazamana na langu hapa Kasese, alilipia nafasi kamili, bima na meli ya haraka. Zake zilifika Julai. Namhurumia.

Mke wangu, Proscovia, amenikumbusha ahadi yangu. Biashara hii ikianguka kama ile ya miavuli, nafunga duka na kuwa karani wa Kiiza. Niliapa mbele ya baba yake. Niliapa kwa raha kabisa, maana haitaanguka. Martine, mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya Kongo, atazichukua zote Ijumaa, siku ya soko la mpakani Bwera.

Jumanne, 9 Septemba
Nimefungua katoni ya kwanza. Nimevuta. Wapi! Nimeikanyaga ya nje na kuivuta ya ndani kwa mikono miwili. Nimeanguka chali. Kumbe kontena lilikaa kwenye jua la bandarini wiki nzima, na mpira umeng'ang'aniana. Hadi jioni nimetoa gambuti moja tu, na hiyo nimeichana.

Kiiza akaja eti kunisalimia. Akauliza kama nauza viatu au vitunguu, maana kila akimenya anakuta ganda lingine. Mshenzi! Nimemwambia ni mtindo mpya.

Jumatano, 10 Septemba
Wazo! Ziuzwe hivyohivyo, tatu kwa moja. Ya nje ikichakaa, mkulima anaichana na kuendelea na ya ndani. Nimepeleka sampuli Bwera mwenyewe.

Martine ameigeuza hiyo bote, kama Wakongo wanavyoita gambuti, amechungulia ndani, halafu akaninyooshea kidole na kuwaita wenzake wote: “Mukuje muone! Bote ya Eridadi iko na mimba!” Wamecheka hadi wakakaa chini. Nimemweleza faida zake. Akanijibu, “Miye siko mukunga.” Kisha akasema kwa upole kwamba kama hazijazaa kufikia Ijumaa, atanunua za Kiiza.

Njiani kurudi, kutoka Bwera hadi Kinyamaseke, nimejiona kwenye kiti cha karani, shemeji akinituma maji ya kunywa. Nimeogopa. Humu daftarini naweza kusema kweli: nimeogopa sana.

Alhamisi, 11 Septemba
Afande Amoding, polisi wa kambi ya jirani, alikuja kununua gambuti za mwanawe. Akanikuta nimelala sakafuni, mguu mmoja ukutani, navuta. Akauliza nani mkubwa hapa. Proscovia akajibu, “Mimi.”

Proscovia ndiye aliyetoa dawa. Pete ikinasa kidoleni, akasema, tunapaka nini? Sabuni! Siku tatu nimehangaika, na mwanamke huyu alikuwa na sabuni jikoni.

Tukaazima ndoo mbili za kanisa. Zilikuwa zimepachikwa moja ndani ya nyingine, zikanasa. Robo saa nzima! Afande upande huu, mimi upande ule, Proscovia akimwaga maji ya moto. Nimemlaani aliyezipachika. Mtu wa namna gani hafikirii?

Baada ya hapo kazi ikaenda. Maji ya uvuguvugu, sabuni, na Afande akiamuru: “Shika! Vuta! Wacha kucheka, vuta!” Saa kumi akaingia Kiiza. Nilidhani amekuja kucheka. Amecheka, ndiyo, lakini amevua saa, amekunja mikono ya shati na kuvuta hadi jua linazama. Ni hodari kuliko mimi, jambo ambalo limeniudhi. Zimetoka zote nzima, isipokuwa ile niliyoichana.

Ijumaa, 12 Septemba
Martine amezichukua! Amezinusa, akasema hajawahi kuuziwa bote zilizooga. Akauliza kama mama na watoto wanaendelea vizuri. Nikamwambia wote wazima. Duka bado ni langu! Jioni tumekula obundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa Katunguru, na Proscovia ameimba akiosha vyombo. Mimi ni mtu mwenye bahati, na ninajua.

Jumamosi, 13 Septemba
Proscovia ameniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza mengi, nikamwambia. Kosa lilikuwa ni gambuti. Gambuti ina kisigino, ina shingo, lazima inase. Kitu cha kusafirisha kiwe wima na laini, kisicho na kona.

Kwa hiyo asubuhi nimeagiza ndoo. Ndoo mia sita za plastiki, ndogo ndani ya kubwa. Meli ni ileile. Bima ya nini? Ndoo haina kisigino, itanasia wapi? Proscovia amempigia baba yake simu, nami nikaapa tena, kwa raha zaidi ya mara ya kwanza.

Kiiza amepata habari. Sasa hivi namwona mlangoni kwake, anafuta vumbi kiti cha karani. Masikini! Sijui anamtarajia nani.