Rilei ya Lori Namba Tatu

Jumatatu, 4 Novemba 1974
Rilei imekufa tena. Ya tatu tangu msimu wa korosho uanze. Nimekifungua hicho kidude kinachopeleka umeme kwenye taa za lori: pointi, zile ncha zinazogusana kupitisha umeme, zimeungua, nyeusi tii. Bwana Mohamedi, msimamizi wetu wa magari, kasema nikiunguza ya nne, lori anapewa Hassani. Hassani, dereva mwenzangu anayefuta vioo kwa kanga ya mkewe! Miaka sita naliendesha lori hili. Moyo umeniuma.

Jumanne, 5 Novemba
Nimejishusha, nikamuuliza Hassani. Kasema taa ikiwa baridi hufakamia umeme pale inapowashwa. Ikishapata moto hutulia. Akaongeza kwamba nimebebesha rilei moja taa sita, nizigawe. Huo wivu. Taa zangu sita zinajulikana mpaka Mikindani, sigawi ng'o. Lakini la baridi limeniingia. Dawa ni kuzipasha moto kwanza. Sijui waliotengeneza lori walikuwa wanawaza nini.

Jumatano, 6 Novemba
Nimechukua pasi ya mkaa ya mke wangu Celeste bila kumwambia. Nikaiegemeza kwenye taa ya kwanza. Nikanyunyiza maji kupima joto, kama afanyavyo yeye. Kioo kikapasuka vipande vinne. Sielewi. Nguo hazipasuki. Jioni Celeste kapiga pasi, kakuta grisi kwenye shuka nyeupe. Hatuongei.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimewaza upya. Pointi huungua wakati wa kuwasha. Basi nisizime. Nimefunga rilei ya nne, nikawasha taa alfajiri kule Newala, sikuzigusa tena. Njia nzima watu wananionyesha kwa mikono kwamba zinawaka. Nikawapungia. Bandarini nikakaa foleni muda wa saa nne, injini nimezima, taa zinawaka. Zamu yangu ikafika, betri haina kitu. Wapakuzi kumi wakasukuma lori hadi gatini, na Bwana Mohamedi anatazama. Nikamwonyesha rilei: nzima, pointi zinang'aa. Akageuka, akaenda zake. Naona kibarua kinaota nyasi.

Jumamosi, 9 Novemba
Hassani kapewa lori. Kazigawa taa, kila jozi na rilei yake, na zinawaka. Bahati tu. Nilipomwona anatoka nalo getini nilitaka kulia.

Mimi nimepelekwa ghala la magunia. Lina taa moja na swichi moja. Mzee Alfredo, mlinzi, kasema swichi hiyo ina miaka kumi na haijawahi kuharibika. Ajabu. Nimeifungua nione kwa nini. Vimebaki vipande viwili, sijui vinakaa wapi.