Arlen Stuckey na Vita vya Makopo ya Baruti

Enyi watu wa Cobb Fork na wa bonde zima, zimeni mashine zenu za kukatia nyasi, wekeni chini vikombe vya kahawa, mkanitegee masikio. Maana nataka kuwasimulia tendo ambalo wafalme hawakuthubutu kulitenda wala majemadari hawakuliota, nalo ni hili: mtu mzima mwenye akili zake, au zile alizojaliwa, alisimama mbele ya rafu katika chumba cha chini ya nyumba yake, akachagua kopo moja la baruti. Msicheke. Yeye mwenyewe hakucheka hata kidogo.

Shujaa wetu ni Arlen mwana wa Delbert, wa ukoo wa Stuckey, msomaji wa mita za maji kwa riziki na mshindiliaji wa risasi kwa wito. Simba wa Chumba cha Chini, Mwokota Maganda, ambaye tangu aoe hajanunua risasi ya dukani, bali huinama kiwanjani mwa shabaha wenzake wakishaondoka, akayazoa maganda matupu, akayasugua, akayajaza upya kwa mkono wake, akajiona mwerevu kupita viwanda vyote vya dunia. Bastola zake zilikuwa tatu: ile nene ya arobaini na tano, ile ya milimita tisa anayopenda kutumia mkewe, na rivolva aliyoachiwa na babu yake. Na kwa hizo tatu alikuwa na makopo ya baruti ya kutosha kuuzingira mji, kwa kuwa kila mwanamume aliyepata kuegemea kaunta ya duka la bunduki alimsifia baruti yake kwa kiapo, pasipo kutoa sababu yoyote ila kwamba babake aliitumia. Na Arlen, bendera fuata upepo, akainunua.

Ikawa Jumamosi asubuhi, Twyla mkewe, Malkia wa Siki, Mshindi wa Maonyesho ya Kaunti kwa matango yaliyolowekwa siki, akashuka ngazi na kreti la mitungi ya matango kifuani, akatafuta mahali pa kuliweka, asipate.

"Arlen, haya makopo yanazaana?"

Shujaa akainuka kitini, akakohoa kikohozi cha wahutubu. "Mke wangu, hayo unayoyaita makopo ni hazina. Kila bastola ina tabia yake, na kila tabia yataka—"

"Usinianze na hotuba saa hizi. Si ni wewe unayetuambia kila Krismasi kwamba ipo baruti moja inayofaa bastola zote tatu? Umetuambia mpaka mama ameacha kuja. Haya, ichague. Saa nane nina mashindano ya shabaha ya akina mama kule klabuni. Nataka risasi zangu mkobani na kopo moja tu kwenye rafu. Mengine mpe Garland. Likizidi moja, meza yako inahamia bandani, ikakae na trekta la kukatia nyasi."

"Bandani hakuna joto! Januari vidole vitaganda!"

"Vaa glavu."

Akaliweka kreti sakafuni, akapanda zake juu. Naye Arlen akabaki peke yake mbele ya jeshi la makopo, asijue aanzie lipi, kwa maana ufalme wake wote ulikuwa meza ile, na mtu huyu hajapata kuchagua hata soksi bila kupigiwa kura.

Akafanya kile ambacho majemadari wa kaunta hufanya hatari ikibisha hodi: akampigia simu shemeji. Garland, kaka wa Twyla, Ndevu za Shaba, Bingwa wa Mambo Aliyoyasikia, akapokea huku anatafuna.

"Shemeji, nisikilize mimi," akasema Garland. "Chukua ile ndogondogo, ile iliyo kama chumvi. Unatia kiduchu tu chini ya ganda, basi. Kopo moja utazikwa nalo."

"Na hii nyingine? Ile ya vipandevipande, kama pumba?"

"Ile? Ile wape kuku! Inajaza ganda karibu na mdomo, halafu inamwagikamwagika. Wanaume hatutumii ile, bwana. Uliipata wapi hata?"

"Duka halikuwa na kitu kingine," akajibu Arlen kwa aibu ya mtu aliyefumaniwa.

Basi Chumvi ikapewa heshima ya kwanza. Shujaa akayapanga maganda kwenye kibao chake chenye matundu, wima, midomo juu, kama askari wanaongoja posho, akaanza kuwagawia baruti mmoja mmoja, simu ikiwa imebanwa kati ya bega na sikio. Na kama angenyamaza, wasimulizi tungekosa kazi. Lakini Garland alikuwa amefufua ile kesi ya kulungu, yule wa mwaka wa mafuriko, kwamba ni risasi ya nani iliyomwangusha. Na hakuna mwana wa Stuckey anayeweza kuvumilia jambo hilo akiwa na mikono mitulivu. Arlen akatia kipimo, akanyanyua mkono kuonyesha mteremko aliokuwa amesimama, mbele ya mtu asiyemwona. Akatia kipimo, akachora hewani pembe za kulungu. Akarudi kibaoni, akakisia alipofikia, akaendelea. Kisha akashindilia vichwa vya risasi juu ya kila ganda, akajaza sanduku, akalipandisha jikoni na kulitia ndani ya mkoba wa Twyla kwa madaha ya mtu anayerudi na ngawira.

Angeishia hapo, lakini mwenyewe alitaka haki ionekane imetendeka. Pumba nayo ilipaswa kusikilizwa kabla ya kufukuzwa. Akayapanga maganda mengine, akafungua kopo, na simu ikalia tena, maana Garland alikuwa amekumbuka shahidi.

"Shahidi gani? Shahidi yule alikuwa amelewa!" akanguruma Simba, akatia kipimo, akageuka, akarudi, akatia kingine.

Pumba ikafurika. Ikamwagika juu ya kibao, juu ya meza, ikateremka mpaka kwenye ndara zake na kuingia kati ya vidole vya miguu. Arlen akaitupa simu, akasimama wima, akainyooshea kopo kidole.

"Ewe baruti ya kuku! Ewe takataka isiyo na adabu, uliyeingia nyumbani mwangu kwa sababu ya upungufu! Nimekupa ganda safi, nimekupa kipimo cha haki, nawe unanimwagikia! Ganda lilikuwa tupu, na wewe—"

Hapo akainama kulichungulia. Ganda halikuwa tupu. Alikuwa ameshalitia. Lilikuwa limepokea posho mara mbili, na Pumba, kwa kuwa huchukua nafasi kubwa, ilikuwa imekataa kulificha kosa hilo. Taratibu sana, kama wazo linavyosafiri katika kichwa kisicho na barabara, akaikumbuka Chumvi. Chumvi isingemwagika. Chumvi ingelala chini ya ganda, vipimo viwili, kimya, na nafasi ingebaki. Na bastola ikipewa posho mara mbili haifyatui, inapasuka kiganjani mwa anayeishika.

Nje, gari la Twyla likanguruma.

Imbeni sasa, kama mna pumzi, juu ya mbio za Arlen Stuckey! Ngazi alizipanda nne nne, akamkanyaga paka, akaubamiza mlango wa wavu, akatoka uwanjani na ndara moja, tumbo likitangulia na pumzi ikifuata kwa mbali, akajitupa mbele ya gari mikono juu.

"Una nini wewe? Nimechelewa!" akapaza sauti Twyla dirishani.

"Nipe lile sanduku."

"Kwani lina nini?"

Uongo alikuwa nao tayari, mzuri, wa vichwa vya risasi kukaa upande. Arlen hajapata kukosa uongo. Lakini aliitazama ile mikono juu ya usukani, yenye alama ya kuungua ya sufuria ya siki, akaogopa kwa hofu ya kweli ambayo haina pambo lolote, na mimi ninayemdharau tangu mstari wa kwanza nakiri kwamba hapo sikumdharau.

"Huenda nimetia baruti mara mbili. Kwenye moja. Au kadhaa. Sijui, Twyla. Nilikuwa naongea na Garland."

"Ulikuwa unaongea na Garland."

"Ndiyo."

"Kuhusu nini?"

"Kulungu."

Twyla akazima gari. Akashuka chumba cha chini, akaketi kwenye ngazi amekunja mikono, amevaa fulana yake ya klabu, akimtazama mumewe akizivunja risasi alizozitengeneza. Kazi hiyo hufanywa kwa nyundo ya plastiki iliyo tupu ndani: unaitia risasi humo, unaigonga nyundo kwenye saruji mpaka kichwa kichomoke na baruti imwagike, halafu unachukua nyingine. Hakuna kazi iliyo mbali zaidi na utukufu. Akagonga, akagonga, jasho likimtiririka, na kila mara kilitoka kipimo kimoja, mpaka wakaanza kuona haya wote wawili kwa kuchelewa bure.

Kisha ikatoka moja yenye viwili.

Wakaiangalia pamoja ndani ya kisahani. Rundo dogo, lisilojaza hata kijiko cha chai. Twyla akapeleka kidole, akakirudisha.

"Hii ingekuwa mkononi mwangu," akasema.

"Ndiyo."

Walipozimaliza zilizobaki, Twyla akaibeba baruti yote iliyomwagwa, akaenda kuinyunyizia mawaridi yake kama mbolea, kwani bondeni kwetu baruti iliyotoka kwenye kopo lake hairudishwi tena. Aliporudi, Arlen alikuwa anajaza maganda mapya kwa Pumba, mdomo umefungwa, na simu inalia juu ya meza bila mtu wa kuipokea. Akamaliza, akalifunga sanduku. Akayakusanya makopo yote kwenye boksi la kumpelekea Garland, isipokuwa moja.

"Kwa nini hilo?" akauliza Twyla.

Rafu ikangoja. Mitungi ya matango, naamini, ikangoja. Mwana wa Delbert akavuta pumzi ya kutosha hotuba ya mchana kutwa, kifua kikapanda mpaka kidevuni, kisha kikashuka.

"Inamwagika," akasema.

Basi na ijulikane katika kaunti yote, na watoto wasimuliwe, na wanaoegemea kaunta wavue kofia zao zenye jasho: mwanamume wa Cobb Fork alichagua baruti, akaulizwa sababu, na akawa nayo. Twyla alifika klabuni mashindano yakielekea mwisho, akapewa zamu ya mwisho, akashindwa na kila mtu. Akarudi nyumbani jioni, akafungua mtungi wa matango kwa vidole vyake kumi.