Shukrani za Mbolea

Jumamosi, 1 Novemba 2014

Nimenunua mbolea! Mfuko mzima, mzito kama mtoto wa darasa la pili. Nimeuficha kwenye gereji ya nyumbani nyuma ya matairi ili mke wangu, Uwamariya, asiuone kwanza.

Sababu ni hii. Mwezi wa tano wazazi wa kijana Mugabo watakuja kumposa binti yetu Joyeuse, hapahapa mjini Crystal, huku ughaibuni, na watakaa uwanjani. Mwaka huu mwezi wa tano uwanja wetu ulikuwa na vipara. Kwetu Masisi uwanja wa heshima haukuwa na jani hata moja. Mama alifagia mpaka udongo ukang'aa, na nyasi mlangoni maana yake ilikuwa uvivu na nyoka. Hapa heshima ni nyasi. Sawa, nimebadilika.

Muuzaji ameeleza kwamba mlo wa mwisho wa nyasi una wakati wake: zikiacha kurefuka lakini bado zina rangi, na kabla ardhi haijaganda. Ukichelewa, mbolea inakaa juu na kusombwa na maji mpaka ziwani. Nikamuuliza ni tarehe ngapi hasa. Akasema nyasi hazisomi kalenda. Jibu gani hilo!

Jirani wa ng'ambo ya barabara, Zachariah, ni Mkenya, muuguzi, na nyasi zake ni zulia. Nimuulize? Thubutu! Nitamchungulia tu. Akimwaga, namwaga.

Asante Mungu kwa jirani mwenye nyasi.

Jumapili, 2 Novemba

Usiku saa zimerudishwa nyuma kwa saa moja, desturi ya huku kila baridi inapokaribia. Hakuna aliyeniambia! Joyeuse anadai aliniambia mara mbili. Tumefika kanisani kabla ya mchungaji, kabla hata ya mwenye funguo. Uwamariya kanuna. Mimi nimeshukuru, maana nikiwa nimekaa garini kwenye ukimya ule ndipo wazo lilipokuja.

Sitamwaga mbolea kila mahali kama watu wasio na fikra. Nitaandika. ASANTE BWANA, herufi kubwa, mbele ya nyumba! Theluji ikiyeyuka, penye mbolea patakuwa kijani kibichi, kwingine pamefifia. Wageni watashuka kwenye magari na kusoma. Miaka yote ile kwenye kambi ya wakimbizi, na leo nina mlango wangu na ufunguo wangu. Wengine wanatoa ushuhuda kwa kipaza sauti. Wangu utaota.

Jumatano, 5 Novemba

Dirishani tangu asubuhi. Uwamariya aliuliza kwa nini nachungulia nyumba ya watu. Nikasema naangalia hali ya hewa. Akasema hali ya hewa ipo hata upande wa jikoni, na vyombo vipo hukohuko. Nikaosha vyombo.

Niliporudi, Zachariah alikuwa anarudisha gereji kile kigari chake cha kumwagia mbolea. Ameshamaliza! Sikuona alivyofanya. Lakini siku ya kumwaga sasa naijua, na kesho sina kazi.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeandika! Kopo la maziwa lenye matundu, herufi moja baada ya nyingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka kiuno kimelia. ASANTE imekaa vizuri. BWANA imebanana kidogo.

Joyeuse alifungua dirisha akauliza, "Dad, what are you doing?" Nikajibu napalilia. "In November?" Watoto wetu wanakielewa Kiswahili chote, ila kukijibu ndiyo shida.

Zachariah alipita na gari, akapunguza mwendo, akanitazama sana. Wivu.

Mfuko umebaki nusu.

Jumamosi, 8 Novemba

Balaa!

Nimerudi kutoka kazini Bloomington, nimekunja mashuka ya hoteli mpaka vidole vimekufa ganzi. Namkuta nani kwenye nyasi ZANGU? Zachariah, na ndoo, anamwaga mbolea yake kwa mkono, na mpira wa maji umeshaanza kunyunyiza.

"Pole, mzee," akasema. "Nilikuona ukiinama na ka-tin, nikajua mgongo umekataa. Ulikuwa ume-miss sehemu nyingi sana. Nime-fill zote. Zile ulizoweka nimeziruka, mbolea ikizidi inachoma nyasi."

Ameziruka! Amezunguka kila herufi kwa uangalifu wa muuguzi, na hakusoma hata moja. Sasa uwanja wote uko sawasawa. Ushuhuda wangu umezikwa kwa wema. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mkono wangu unayumbayumba, mistari imepinda vibaya, na angependa kunipima presha.

Nilikasirika. Nikasema asante. Ningesema nini kingine?

Uwamariya alilia kwa furaha. Kumbe amekuwa akiziombea nyasi hizi tangu kiangazi. Akasema Mungu hujibu kupitia jirani, akampelekea sufuria ya sombe, kisamvu chetu. Sombe yote! Mimi nimekula mkate.

Jumatatu, 10 Novemba

Theluji! Imeanza asubuhi na haijui kuacha. Barabara imepotea.

Zachariah kaja na mashine ya presha, theluji mpaka magotini. Presha yangu ni nzuri kuliko yake. Akasema tumewahi, siku mbili zaidi tungekuwa tumechelewa. Tumewahi! Mimi na yeye!

Alipoondoka nilisimama dirishani. Kule chini ya weupe ule nyasi zangu zote zimeshiba, hakuna iliyorukwa. Kambini niliwahi kuugua wiki nzima na hakuna aliyekuja kunishika hata mkono. Leo mtu kavuka theluji kwa ajili ya presha yangu nzima. Nimeshukuru kwa dhati, bila mpango wowote.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya shukrani. Zachariah amekula kwetu. Joyeuse alichoma bata mzinga, na safari hii sombe nimeipata.

Uwamariya akamweleza habari za wageni wa mwezi wa tano. Zachariah akasema uwanja wetu ni mdogo kwa viti vyote hivyo. Wageni wakae kwake, nyasi zake zipo, Joyeuse ni binti yake pia. Uwamariya akalia tena. Mimi pia, kidogo.

Mtu wa namna hii unamshukuruje? Asante ya mdomo haitoshi. Na nusu mfuko bado upo gereji!

Basi alipokwenda kulala kabla ya zamu yake ya usiku, nimevuka barabara na kopo langu. ASANTE ZACHARIAH, katikati kabisa ya uwanja wake, juu ya theluji. Ardhi imeganda, najua. Lakini theluji si maji? Itayeyuka na kuishusha mbolea yenyewe. Muuzaji hakufikiria hilo. Nimemwaga mara tatu ya kipimo, kwa uhakika, na mfuko wote umekwisha.

Sijamwambia mtu. Ataiona mwezi wa tano, na wageni wote wamekaa juu yake.