Vikapu vya Mafunjo na Matokeo ya Kidato cha Nne

Jumamosi, 11 Januari

Leo nimeaibika mbele ya wanawake kumi na wawili na mwanamume mmoja. Huyo mmoja ndiye aliyeniuma zaidi.

Kikundi cha mama mkwe, wanaosuka vikapu vya mafunjo kule Buhongwa, kilikuja kwangu Ilemela kusikia habari za duka letu la mtandaoni. Miezi minane nawauzia. Yaani, miezi minane naweka picha. Nikawatangazia kwamba sasa mtu akitafuta vikapu vya Mwanza kwenye Google, wa kwanza kutokea ni sisi. Nikawaonyesha kwenye simu yangu. Wa kwanza kweli. Vigelegele.

Yeremia akaomba kujaribu kwenye simu yake. Huyu ana duka kama langu kule Butimba, na eti alikuwa anamsindikiza shangazi yake tu. Akaandika maneno yaleyale. Wa kwanza akawa yeye. Sisi hatukuwepo. Akafungua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne, akisoma kila jina kwa sauti ya upole. Tulikuwa ukurasa wa sita, chini ya timu ya mpira wa kikapu ya shule moja ya Musoma. Akawaeleza kina mama kwamba simu yangu imenizoea. Nafungua duka langu mara arobaini kwa siku, basi nayo inanipa ninachokipenda.

Mama mkwe, kwa heshima ya ukwe, hanisemeshi wala hanitazami usoni. Akageukia ukuta, akamwambia mke wangu Winnie amwambie mwenye nyumba kwamba anapewa wiki mbili. Tarehe 25 watarudi. Kama watu bado hawatuoni, vikapu vyote vinahamia Butimba. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Winnie akanigeukia akanieleza upya, neno kwa neno. Nikamjibu Winnie kwamba nimesikia.

Nilipoacha kazi ili niuze vikapu, ukoo mzima ulicheka. Mama mkwe peke yake ndiye aliyesema niachwe nijaribu. Alisema kupitia kwa Winnie, lakini alisema. Huyu siwezi kumpoteza.

Jumatatu, 13 Januari

Nimesoma kwamba Google hupenda duka lenye maoni ya wateja. Sisi tulikuwa na maoni ya mtu mmoja, naye alikuwa anauliza njia ya kwenda uwanja wa ndege. Nikaandika maoni sita mazuri. Mawili kwa simu yangu, mawili kwa ile ya zamani, mawili kwa simu ya Winnie wakati anafua. Kazi safi. Mchana nimelala bila wasiwasi.

Jumatano, 15 Januari

Yeremia ameyasoma yote sita kwenye kundi la WhatsApp la wasukaji. Amerekodi sauti, ya mtu anayehurumia. Wateja sita wa mikoa sita, na wote wameandika ndani ya dakika kumi na moja. Hilo ningelivumilia. Lakini la tano lina picha ya Winnie, na linasema tangu azaliwe hajawahi kuona kikapu kizuri kama hiki. Winnie alilelewa katikati ya vikapu vya mama yake. Akiwa na wiki mbili alilazwa ndani ya kimoja.

Mama mkwe ameuliza, kupitia kwa Winnie, vile vingine alivyomsukia mwanawe vilikuwa na kasoro gani. Winnie hajanipa chai. Nimekunywa maji. Nimestahili.

Ijumaa, 17 Januari

Nimepata! Mwezi wa kwanza watu wanatafuta nini kwenye simu? Si vikapu. Nimesikiliza kwa fundi viatu, kwa kinyozi, hata kanisani. Swali ni moja: matokeo ya kidato cha nne yanatoka lini? Kila mwenye mtoto anayatafuta asubuhi na jioni.

Basi nimebadilisha kichwa cha ukurasa wetu. MATOKEO YA KIDATO CHA NNE HAYA HAPA. Chini yake, kwa herufi za kiasi: na vikapu. Matokeo hayajatoka, najua. Lakini vikapu vipo, kwa hiyo nusu ni kweli.

Jumapili, 19 Januari

Watu elfu tatu na mia saba kwa siku mbili. Elfu tatu! Hakuna aliyenunua. Ujumbe ni mwingi. Mmoja ameuliza kama kikapu kikubwa ni daraja la kwanza na kidogo ni la nne. Mwingine ametuma namba ya mwanawe na kuomba kikapu chake kitazamwe kwa huruma. Wote nimewajibu karibu sana.

Saa kumi akapiga mama mmoja, Apiyo, anauza dagaa ufukweni kule Rorya. Akaniita afisa. Alisema mtandao wao unakatika, ameona picha ya kikapu tu, anadhani ni nembo ya ofisi. Mwanawe anaitwa Princess Odongo. Akanisomea namba ya mtihani polepole, tarakimu moja moja, na nyuma yake nikasikia watu wamenyamaza wanasubiri.

Nilitaka kusema mimi nauza vikapu. Naapa nilifungua mdomo kwa ajili hiyo. Aibu ikanishika. Nikasema daraja la pili.

Tangu nizaliwe sijawahi kumfurahisha mtu kiasi kile, hata siku ya harusi yangu. Nikazima simu. Nikaenda kukaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba mpaka Winnie akaja kuuliza kama naumwa. Nikasema tumbo.

Jumanne, 21 Januari

Nimempigia Apiyo ili niseme ukweli. Mara mbili nimekata kabla hajapokea. Mara ya tatu akapokea kwa nderemo. Wamechinja kondoo. Mchungaji ametangaza jina la Princess kanisani. Baba yake amerudi kutoka visiwani anakovua, na alikuwa hajakanyaga nyumbani tangu Oktoba. Apiyo amesema Jumamosi analeta shukrani mwenyewe, anwani ameiona kwenye ukurasa.

Nikamwambia Jumamosi ofisi imefungwa. Akasema hamna neno, atasubiri getini.

Alhamisi, 23 Januari

Matokeo yametoka, yale ya kweli. Nimetafuta jina la Princess. Daraja la nne. Nimeangalia mara tatu. Mara ya nne nimetumia simu ya Winnie, maana yangu hunipa ninachokipenda. La nne.

Winnie ameuliza mbona nimekonda. Nikasema tumbo.

Jumamosi, 25 Januari

Naandika ili nisikisahau hata kipande kimoja, ingawa ningependa kuvisahau vyote.

Kina mama walifika saa nne. Nikawasomea hesabu: watu elfu nane na mia nne wametembelea duka. Mama mkwe akauambia ukuta kwamba Winnie amwambie mwenye nyumba amejitahidi. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Ndipo Apiyo akaingia getini na gunia la samaki wakavu aina ya sato, na binti nyuma yake. Akasalimia wazee kwa shikamoo, akauliza ofisi ya mitihani iko mlango upi. Akasema shuleni wanadai mwanawe ana daraja la nne, lakini afisa wa hapa alishamwambia la pili, kwa hiyo amekuja afisa awarekebishe watu wa shule. Akauliza afisa ni nani kati yetu.

Kidole changu kikamwonyesha Yeremia. Sikukituma.

Princess akasema hapana, ni huyu, sauti yake aliisikia kwenye spika siku ile. Akasema yeye alijua tangu jioni ileile kwamba hili ni duka la vikapu, aliliona kwenye simu ya rafiki yake. Mama yake akamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Akajibu kwamba kwa siku nne baba yake alikuwa anamwita kwa jina lake.

Apiyo akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama nina watoto. Nikasema bado. Akasema, basi.

Kisha mama mkwe akafanya jambo ambalo kwa miaka sita hajalifanya. Akageuka, akanitazama usoni, akanisemesha mwenyewe.

"Masalu, toa vikapu."

Sikujua kama jina langu linaweza kuwa zito namna ile. Kina mama wakatazama chini, kwa sababu mkwe akishasemeshwa hivyo, heshima imekwisha. Nilivitoa vyote, hamsini na vitatu. Kikubwa kuliko vyote mama mkwe akampa Princess. Vilivyobaki Yeremia alivipakia kwenye bajaji bila kunisema hata neno moja, na ningeshukuru kama angenisema.

Jumatatu, 27 Januari

Winnie ametaka nimwandikie Princess barua ya kuomba radhi, niipeleke Rorya mwenyewe. Nimekubali. Nimeandika karatasi tatu. Kwenye ya pili nimelia, machozi ya kweli.

Halafu nikawaza. Barua ataisoma mtu mmoja. Kosa nimelifanya hadharani, na radhi niiombe hadharani. Nikaiweka yote kwenye ukurasa wa duka. Nimeandika jina lake kamili, shule yake, namba yake ya mtihani, daraja la pili nililomtungia na la nne alilopata, ili ajue safari hii sijaficha kitu.

Jioni nimetafuta jina lake kwenye Google. Aibu bado ninayo. Nikikumbuka alivyosema habari za baba yake, naigeuza simu kifudifudi. Lakini mtu yeyote akiandika Princess Odongo, wa kwanza kutokea ni sisi, hata kabla ya shule yake. Kesho nitamwomba Winnie amwambie mama yake.