Filipo wa Tonga na Kiti cha Kariandusi

Juni 9, Jumatatu

Mzee Jonah ametangaza. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha redio, sisi tunaoongea na dunia kwa mitambo ya nyumbani, bila simu wala bando. Jumamosi tunapeleka redio kwenye makumbusho ya Kariandusi, na wageni wamealikwa. Atakayefikia mbali zaidi wiki hii ndiye atakalia kiti cha maikrofoni. Kiti kimoja tu!

Lazima kiwe changu. Nilishamwambia mama mkwe kwamba mimi ndiye mkubwa wa redio Bonde la Ufa lote. Anatoka Webuye kuja kusikia. Kwa desturi yetu mtu na mama mkwe hawakaribiani, kwa hivyo atakaa mbali kabisa na sauti yangu ndiyo itamfikia. Redio ilitengenezewa wakwe kama sisi.

Shida ndogo: leseni yangu ni ya mwanzo. Miaka saba sasa. Mtu wa leseni ya mwanzo haruhusiwi masafa ya kwenda mbali, isipokuwa mwenye leseni kamili awe ameketi kando yake. Mtihani wa leseni kamili nimeufanya mara nne. Maswali yake yana chuki.

Na sasa huyu Waithera! Mkulima wa viazi, Mau Narok. Alijiunga juzi tu, miezi mitatu akapita mtihani, leo anaongea na ng'ambo akipanga magunia. Na mimi, ambaye babu yangu alikuwa mtu wa telegrafu wa reli! Nakhumicha, mke wangu, husema babu alikuwa anafagia stesheni. Sawa. Alifagia karibu na telegrafu.

Juni 10, Jumanne

Nimepata dawa yake! Nimesoma kitabu cha sheria, ukurasa wa kwanza hadi wa tatu. Kufanya biashara hewani ni marufuku. Waithera ana viazi. Basi.

Nitajifanya mgeni wa mbali, niagize viazi, yeye auze, nirekodi kwa simu, nimpelekee Mzee Jonah. Nimechagua Tonga, visiwa vya huko mwisho wa Pasifiki. Nitaitwa Filipo. Kila stesheni ina jina lake la hewani, herufi na tarakimu. Ya Kenya huanza na 5Z4, ya Tonga na A3. Nimejitungia moja tamu sana.

Nasikia kutumia jina la uongo hewani ni kosa kubwa. Hiyo iko ukurasa wa nne.

Jioni nimefanya mazoezi ya Kiingereza cha Tonga jikoni. Nakhumicha ameuliza kama nina homa. Ameongeza tangawizi kwa chai.

Juni 11, Jumatano

Nimeenda hewani kutoka hapa nyumbani, Rhonda. Waya wangu umefungwa kwa kamba ya nguo, kwa hivyo nimeanika kanzu mbili za Nakhumicha nisishukiwe. Waithera amejibu mara moja! Amefurahi kweli kumpata mtu wa Tonga. Nikaagiza magunia arobaini.

Akakataa! Kwa upole, ati sheria hairuhusu biashara hapa, tuongee hali ya hewa. Nikaongeza bei. Akaniuliza kama kwetu kunanyesha. Mwanamke gani huyu?

Mwishowe akaomba saa, aandike kwa daftari lake. Saa! Nikaangalia ukutani, kumi na moja jioni. Nikamtafsiria kwa Kiingereza vilevile: kumi na moja. Akaomba nirudie. Nikarudia kwa nguvu. Akacheka sana, nadhani ni furaha.

Juni 12, Alhamisi

Woi! Mzee Jonah ametangaza kwa WhatsApp kwamba Waithera amefikia Tonga! Pongezi arobaini na moja. Mtu ametuma keki. Mimi ndiye nimempa ushindi, kwa mdomo wangu mwenyewe!

Nikisema Tonga ni mimi, leseni yangu imeenda. Nikinyamaza, kiti kimeenda. Nimetuma kidole gumba na kulala njaa.

Juni 13, Ijumaa

Waithera amenipigia simu. Hakusema niaje wala nini. Ameniuliza tu saa ngapi huko Tonga.

Anasema Filipo alisikika vizuri kupita kiasi, karibu apasue spika, na sauti aliijua ni yangu. Lakini hasa ni ile saa. Wakati ule Tonga ilikuwa usiku wa manane, na hata jioni ya hapa kwetu, kwa Kiingereza huitwa saa tano, si kumi na moja. Wanaohesabu saa kuanzia macheo ni sisi watu wa huku, nyanya yake akiwa mmoja. Nikamwambia nyanya yake anaonekana ni mtu mwerevu. Akacheka mpaka akakohoa.

Hatanisema. Ameifuta Tonga kwa daftari, ana Brazili ya jana na inamtosha. Na ati kwa sababu amesikia mama mkwe anakuja, kesho nitakaa kando yake, niongee kwa jina lake la hewani kidogo. Sheria inakubali hivyo.

Ni wazi ananiogopa.

Juni 14, Jumamosi

Kariandusi, wageni wengi, vumbi jeupe. Mama mkwe alikaa mbali, kwa kiti cha plastiki, amenipa mgongo kama desturi inavyotaka. Waithera akanipa maikrofoni. Nikasema jina lake la hewani bila kukosea. Ujerumani wakajibu! Nilisikia raha, sitasema uongo, macho yalilowa.

Kisha Mjerumani akauliza saa zetu. Nikaangalia mkono. Saa nne asubuhi. Nikamjibu kwa Kiingereza, sauti ya kiume: nne.

Watu wa chama wakacheka. Mzee Jonah peke yake hakucheka. Alivuta daftari la Waithera, akafungua Jumatano, akasoma ule mstari uliofutwa kwa kalamu: Filipo, Tonga, saa kumi na moja. Akaniangalia. Akaniita Filipo.

Mama mkwe akamtuma Nakhumicha kuuliza wanacheka nini, maana saa yake pia inasema ni saa nne kamili. Angalau mtu mmoja! Lakini Mzee Jonah akaenda akamweleza yote, hadi leseni. Ujumbe wa pili ukaja: mama anauliza ni darasa gani la kwanza mtu anakaa miaka saba. Nimeona aibu mpaka masikio yakawasha. Nakhumicha alikuwa amejifunika leso usoni, na mabega yalikuwa yanatikisika.

Juni 15, Jumapili

Mama mkwe ameondoka alfajiri bila kutuma salamu. Imeniuma. Nilitaka tu anisikie.

Barua ya chama imefika. Makhanu, yaani mimi, asiguse maikrofoni miezi sita, kisha arudie hata mtihani wa leseni ya mwanzo. Nimelia kidogo. Nimeisoma tena. Nimeisoma mara ya tatu, polepole, kama mtu wa sheria.

Imemtaja Makhanu. Filipo hajatajwa popote.

Mazoezi ya jikoni yameanza. Leo Filipo atamwomba Waithera msamaha kwa niaba yangu, na akikubali, tutarudi kwa ile bei ya viazi. Nakhumicha ameshaleta tangawizi. Niko hewani leo jioni, na safari hii saa nitaitaja mapema, kabla hajaomba: kumi na moja kamili.