Lifti Iliyoumwa Moyo

Lamluum alikuwa ng'ambo ya barabara akila mkate wa maharage ya mkopo alipowaona makarani wa Idara ya Ardhi ya Aleksandria wakitoka kazini. Walipita mlangoni kwa ubavu, matumbo mbele, wenyewe nyuma. Mtu mwingine angeona watu walionenepa kwa kukaa kitini kutwa wakigonga mihuri. Lamluum aliona riziki. Wajinga ndio waliwao, alijiambia, na hawa wameshanona.

Kesho yake akatandika meza mlangoni pa jengo, akavaa koti jeupe aliloazima kwa kinyozi, akachemsha maua mekundu ya choya na bizari nyembamba, akaiita Dawa ya Malkia. Sharti lilikuwa moja: inywewe moto, palepale chini, asubuhi, adhuhuri na kabla ya kwenda nyumbani. Ikipandishwa juu nguvu zake hufa. Sharti hilo halikuwa la kitabibu. Aliogopa tu glasi zake zisipotee.

Ili wateja wamfikie wakiwa wameshaichukia miili yao, alimhonga Ami Wahdan, mzee wa Aswan aliyekuwa akiendesha lifti. Siku hiyohiyo lifti ikaanza kuugua.

"Ni moyo," Ami Wahdan aliwaambia makarani kwa huzuni. "Inabeba wazee na wajawazito tu."

Mwenye shida ya kweli alikuwa Bi Inshirah, mkuu wa mihuri, ghorofa ya sita. Binti yake alikuwa amejifungua, na binti huyo aliishi ghorofa ya nne katika nyumba isiyo na lifti, na magoti ya mama yalikwisha kugoma. Mjukuu alimwona kwenye simu tu. Daktari alimwambia apunguze uzito, ila hakumwambia atapunguzaje huku mihuri inamngoja kutwa.

"Itanifikisha ghorofa ya nne?" alimuuliza Lamluum.

"Bi mkubwa, hii itakufikisha peponi."

"Peponi sina haraka. Nimesema ghorofa ya nne."

Akanywa. Wiki ya kwanza alipanda akimlaani Lamluum, lifti na fundi aliyebuni ngazi, akipumzika kila kona. Lamluum, mtu wa biashara, alimpigia kelele kutoka chini: "Taratibu, Bi mkubwa. Siku za mwanzo ndizo ngumu." Maneno hayo hayakumgharimu kitu, na ndiyo pekee ya kweli aliyowahi kuyasema pale mlangoni. Baadaye makarani wakawa wanashuka pamoja na kupanda pamoja, wakitaniana. Hata samli kwenye maharage ya asubuhi wakaipunguza, maana mtu akishalipia dawa huona uchungu kuiharibu.

Kisha likatokea jambo lililomtisha Lamluum: walikonda. Mikanda ikatobolewa matundu mapya. Yeye aliyewahi kuuza maji ya bomba kama machozi ya walii alilitazama birika lake akaona haya. Kumbe ni dawa kweli? Akaanza kuinywa mwenyewe, kwa sukari nyingi na kipande cha keki tamu ya basbusa, akiwa amekaa kitako. Alipozidi kunenepa alisema dawa inayakusanya mafuta kwanza ili iyatoe kwa mkupuo. Mganga hajigangi.

Akamuuliza Ami Wahdan, ambaye ndugu yake ndiye aliyemuuzia ile choya, siri iko wapi. Mzee akazitazama ngazi, kisha akalitazama birika.

"Siri ni udongo wa shamba la ndugu yangu," alisema. "Lakini wahi. Kuna tajiri analitaka zao lote."

Lamluum akauza pikipiki na bangili za mkewe, akafunga meza, akapanda treni ya Aswan. Wiki ilipokwisha alirudi na magunia ya choya. Ami Wahdan akamwazima chumba kwenye paa, na lifti ikapona alasiri moja kwa heshima ya magunia.

Jumapili asubuhi, siku ambayo wiki ya kazi huanza huko, birika likachemka. Makarani wakampita wakimwamkia, wakapanda ngazi. Hakuna aliyesimama. Bi Inshirah alikuja mwisho.

"Wiki nzima hukuwepo, na sketi imezidi kunilegea," alisema. "Juzi nimefika kwa binti yangu. Ghorofa ya nne, bila tone la chai yako. Nimempakata mjukuu wangu, akanikojolea." Machozi yalimlengalenga kwa furaha. "Ni ngazi, Lamluum. Tumezipanda sisi wenyewe."

Lamluum alimwendea Ami Wahdan amshushie magunia, akayauze sokoni kwa bei yoyote ile.

"Lifti inaumwa," alisema mzee.

"Ami, ugonjwa huo ni wangu. Niliununua mimi."

"Ulikuwa wako. Makarani wamekupiku kwa bei, wanataka iendelee kuumwa. Na chumba nakitaka leo."

Lamluum akavua koti jeupe. Alishusha gunia la kwanza, akakaa chini akihema, akazitazama ngazi kwa chuki, akapanda tena. Alipofika ghorofa ya sita, akiwa ameshikilia ukuta, Bi Inshirah alichungulia mlangoni, mhuri mkononi.

"Taratibu, daktari," alisema. "Siku za mwanzo ndizo ngumu."